Darasa la Jioni la Matamshi ya Kiingereza kwa Watumishi wa Hoteli Mwanza: Tathmini ya Mteja

Tathmini hii nimewaandikia wenye nyumba za wageni, migahawa na ofisi za utalii hapa Mwanza wanaofikiria kuwalipia watumishi wao darasa la jioni la matamshi ya Kiingereza linalofanyika katikati ya jiji. Naandika nikiwa mteja niliyelipa kwa fedha yangu, niliyepeleka wahudumu wa mapokezi, na niliyekaa mwenyewe kwenye dawati la nyuma ili nijue ninalipia kitu gani. Kituo sikitaji kwa jina, kwa sababu nina sifa kubwa za kukipa na lalamiko kubwa vilevile, na lalamiko hilo nimeshamfikishia mwenye kituo ana kwa ana. Mafunzo yamegawanywa katika sehemu kadhaa. Nitakayoizungumzia ni ile ya vivumishi ambatani, yaani vivumishi vya Kiingereza vilivyoundwa kwa maneno mawili au zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo niliyowalipia watu wangu na ndiyo inayolitofautisha darasa hili na yale yanayorudia salamu na nyakati za vitenzi mwaka mzima.

Asiyefanya kazi ya kupokea wageni anaweza kushangaa mtu analipaje fedha kwa ajili ya aina moja ya vivumishi. Sababu yake iko barabarani. Ukitoka Kirumba ukapita mjini hadi Nyegezi, au ukipanda Capri Point kwenye hoteli zinazoangalia ziwa, vibao vyote vimejaa maneno ya namna hiyo: "self-contained", "air-conditioned", "24-hour". Ukifungua menyu unayakuta mengine, "home-made", "deep-fried", "sun-dried", hili la mwisho likiwa limeambatanishwa na dagaa. Biashara ya kulaza na kulisha wageni inajinadi kwa vivumishi hivi, na mgeni anayepiga simu kutoka nje ya nchi haoni kibao wala menyu; anachopata ni sauti ya mhudumu tu. Wateja wetu wa nyumbani hawana tabu, wao husema "chumba cha self" na mazungumzo yakahamia kwenye bei. Anayetuletea shida ni yule ambaye Kiingereza ndiyo lugha pekee tunayoweza kukutana naye, na akisikia tumesema "kontena" atadhani tunamlaza ndani ya kontena la bandarini.

Mwalimu anaanza mahali ninapoona ni sahihi, nako ni kwenye Kiswahili chenyewe. Wengi wetu tulijifunza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na tangu hapo tumezoea silabi inayoishia na irabu, au iliyo m peke yake kama ile ya mwanzo wa "mtu" na "mto". Mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tuongeze irabu kila Kiingereza kinapofunga silabi kwa konsonanti, hata "self" ikawa "selfu" na "fried" ikawa "fraidi". Walimu wengi huishia kukataza tu. Huyu anawakumbusha wanafunzi kwamba silabi zilizofungwa tunazo tayari, katika maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu: lab-da, mak-taba, das-turi. Mtu anayeweza kusema "labda" bila kuweka irabu baada ya b anaweza pia kuifunga "self" kwenye f, na nilishuhudia mhudumu wangu mmoja akiifunga papo hapo baada ya kulisema "labda" taratibu mara chache. Mantiki hiyo ya kuanza na kile ambacho ulimi unakijua imenipendeza kuliko kitu kingine chochote katika darasa hili.

Kwenye mkazo pia anafuata njia hiyohiyo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo watu hudhani hawana sikio la kusikia mkazo ukihama. Mwalimu anaandika ubaoni "barabara" na kulitamka mara mbili, mara ya kwanza mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ndiyo njia ya kupitia magari, na mara ya pili ukiwa kwenye silabi ya pili, ndiyo sawasawa kabisa. Darasa zima linacheka, kisha linanyamaza, kwa sababu kila mmoja ametambua kwamba tofauti hiyo amekuwa akiisikia tangu utotoni. Hapo ndipo anapowaletea maneno mawili yanayokaa kwenye kibao kimoja.

Neno "self-contained" lina silabi tatu, nalo mkazo wake mkuu uko kwenye ya mwisho: self-kon-TEIND. Neno "air-conditioned" lina silabi nne, na mkazo wake mkuu uko kwenye ya kwanza: EA-kon-di-shnd. Yote mawili yanaishia na kiambishi kilekile, yote mawili yana "con" katikati, na yote mawili yanasifia chumba kilekile, lakini sauti inapanda mahali tofauti. Anachosisitiza mwalimu, tena kwa haki, ni kwamba "con" katika maneno yote mawili haitamkwi kwa o kamili. Irabu yake imefifia hadi karibu kutoweka, na kati ya irabu zetu tano hakuna inayofanana nayo, kwa sababu Kiswahili hakipunguzi irabu eti kwa kuwa silabi haina mkazo. Kwa sauti hiyo anatumia alama ya e iliyopinduliwa kutoka katika alfabeti ya Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, na alama nyingine chache tu. Nilihofia angewamwagia wahudumu wa hoteli alfabeti nzima, hakufanya hivyo.

Kuna zoezi moja ambalo kwangu lilitosha kuhalalisha ada. Mwanafunzi anasimama nyuma ya darasa, mwalimu anampa mgongo akiwa ameshika chaki, na mwanafunzi anasema sentensi moja ya kumjibu mgeni. Mwalimu anaandika alichokisikia, si kile ambacho msemaji amekusudia. Mhudumu wangu alisema kwa kujiamini kwamba vyumba vyetu vyote ni "self-contained", na ubaoni ikaandikwa "self container", herufi kubwa kubwa. Akarudia, ikaandikwa "self content", maana safari hii aliikata d ya mwisho na irabu ikawa fupi. Alipoirudia tena, akiivuta silabi ya mwisho na kuifunga kwa n na d bila kuongeza kitu, ndipo chaki ilipoandika neno lenyewe. Hakuna aliyemcheka, na hilo nalo lina thamani yake, kwa sababu watu wa Kanda ya Ziwa tumechoka kutaniwa kuhusu r na l hata tukizungumza Kiswahili. Mwalimu analishughulikia suala hilo kama suala la ulimi unavyokaa mdomoni, anawafanyisha mazoezi ya "well-lit" na "ground-floor", kisha anaendelea na mengine.

Kuhama kwa mkazo neno linapokaa mbele ya nomino nako anakufundisha, ingawa kwa haraka kidogo. Kivumishi kama "old-fashioned" kikiwa mwisho wa sentensi kinapanda kwenye "fash", lakini kikitangulia nomino ya mkazo, "an old-fashioned house", sauti hupanda zaidi kwenye "old" na kwenye "house". "Self-contained" nayo hufanya hivyo ikiwa mbele ya "room". Kwa wahudumu wanaoanza nadhani hii ni ziada, na mwalimu mwenyewe alionekana kulijua hilo.

Sehemu ya kiambishi "-ed" imefundishwa vizuri sana, na ndiyo iliyoleta mabadiliko ya haraka zaidi kule mapokezini. Kanuni yenyewe ni ya kusikiliza sauti inayotangulia. Ikiwa shina linaishia na t au d, kiambishi kinakuwa silabi kamili, kwa hiyo "left-handed" ina silabi tatu na "kind-hearted" vilevile. Ikiwa shina linaishia na sauti isiyo na ghuna, yaani isiyotetemesha koo, kama k, p, s au sh, kiambishi ni t tupu bila irabu, kwa hiyo "home-cooked" ni houm-kukt, silabi mbili tu, na "well-dressed" ni wel-drest. Kwingineko kote ni d tupu, kama katika "deep-fried" na "sun-dried". Sisi tuliozoea kuandika kama tunavyotamka tunaiona e pale na tunaitamka, tukasema "kukedi" na "dresedi". Wanafunzi walipewa menyu halisi ya mkahawa na kutakiwa kuhesabu silabi za kila kivumishi kwa kuweka kiganja chini ya kidevu na kuhesabu taya linavyoshuka. Njia hiyo ni bora kuliko kupiga makofi, kwa sababu makofi huzipa silabi zote uzito sawa, na uzito sawa ndio ugonjwa tuliokuja kuutibu.

Baada ya sifa hizo zote, nifike kwenye karatasi. Kila mwanafunzi hupewa kijitabu cha kurasa kadhaa kilichotolewa nakala, na ndani yake kuna orodha ya vivumishi ambatani vilivyokatwa kwa nukta: ab·sent-mind·ed, old-fash·ioned, kind-heart·ed, self-con·tained. Juu ya orodha pameandikwa kwamba huo ni mgawanyo wa silabi na kwamba mwanafunzi asome kwa kufuata nukta. Lalamiko langu lote liko kwenye maelekezo hayo.

Nukta za namna hiyo zinatoka kwenye kamusi, hasa za Marekani, na kazi yake ya asili ni kumwonyesha mpiga chapa mahali anapoweza kulikata neno likifika mwisho wa mstari. Mgawanyo huo hujali sana muundo wa neno: "mind" ni shina, "-ed" ni kiambishi, basi kata kati yao. Mdomo hauna habari na muundo huo. Anayesema "absent-minded" kwa mwendo wa kawaida haachi pengo kati ya d na irabu inayoifuata. D inateleza moja kwa moja na kinachosikika ni kama main-did. "Hearted" inasikika kama haa-tid. Hata wataalamu wenyewe hawakubaliani jinsi ya kuigawa konsonanti iliyo katikati ya irabu mbili. Wako wanaoipeleka kwenye silabi inayofuata kadiri lugha inavyoruhusu, na yuko John Wells, mtaalamu wa fonetiki wa Uingereza, anayeivutia kwenye silabi yenye mkazo mkubwa zaidi kati ya hizo mbili. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayesema msemaji asimame kidogo kwenye nukta.

Na hivyo ndivyo wanafunzi walivyofanya. Wale wale ambao wiki hiyo walikuwa wameshajifunza kusema "handed" kwa silabi mbili laini, walipofika kwenye kijitabu walianza kusoma "hand", wakapumzika, kisha "ed", na kwa kuwa "ed" iliyosimama peke yake humvuta Mswahili aifungue, ikarudi kuwa "edi". Nilimsikia mhudumu wangu akipoteza kwa dakika chache kile alichokipata kwa saa nzima. Mwalimu alisahihisha kwa mdomo, ila hakugusa karatasi, na karatasi ndiyo mwanafunzi anayorudi nayo nyumbani.

Madhara ya pili ya orodha hiyo yanahusu maandishi, na hapa ndipo mtu wa biashara anapoumia mfukoni. Kivumishi ambacho tayari kina kistari, kikifika mwisho wa mstari, kwa kawaida hukatwa kwenye kistari hicho na si kwingine: "self-" juu na "contained" chini. Kijitabu hakisemi hivyo, na nukta iliyo kati ya "con" na "tained" inamruhusu msomaji aamini kwamba hapo pia ni pa kukata. Mmoja wa watu wangu, kwa nia njema kabisa, alikipeleka kijitabu kwa mchora vibao ili tangazo letu jembamba la mlangoni liandikwe "kitaalamu". Likarudi na mistari miwili, SELF-CON- juu na TAINED chini. Mwenye Kiingereza chake anajua kwamba "con" ikisimama peke yake ni neno la utapeli, na hilo si neno ambalo mwenye nyumba ya wageni angependa mgeni alisome kabla ya kufungua mkoba. Tuliandika upya kwa gharama yetu.

Nilichomwomba mwenye kituo ni kitu chepesi: orodha iwe na safu mbili, moja ya kukata neno kwenye maandishi na nyingine ya namna linavyosikika, na maelekezo ya kusoma kwa nukta yaondolewe. Alinisikiliza kwa heshima na kusema atalifikiria toleo lijalo. Mpaka naandika haya, kijitabu ninachokiona mikononi mwa wanafunzi ni kilekile.

Upande wa muundo wa vivumishi hivi, mafunzo yanatosha kwa kazi yetu, japo yangeweza kwenda ndani zaidi. Mwalimu anaeleza vizuri kwamba nomino inayoingia katikati baada ya namba hubaki katika umoja, kwa hiyo ni "a 24-hour reception" na si "24-hours", na mgeni anakuja kwa "a two-night stay". Mfano wake wa Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 uliwakaa watu vichwani mara moja, kwa kuwa kila mtu amelipita au anatamani kulipita: daraja lina urefu wa "three kilometres", lakini ni "a three-kilometre bridge". Anaonyesha pia kwamba kistari huwekwa kivumishi kikitangulia nomino, "a well-known hotel", na mara nyingi hudondoka kikija baadaye, "the hotel is well known". Na kwamba kielezi kinachoishia na "-ly" hakihitaji kistari hata kikitangulia, "a newly painted room". Vibao vya jiji letu havijaipata habari hiyo.

Mfano ulionifurahisha zaidi aliutoa kwenye soko la samaki la Mwaloni. "A small fish trader" bila kistari anaweza kuwa mfanyabiashara mdogo wa samaki, wakati "a small-fish trader" ni mtu anayeuza samaki wadogo, naye anaweza kuwa tajiri mwenye maghala. Kwenye mazungumzo hakuna kistari, kwa hiyo sauti ndiyo inayobeba kazi: katika maana ya pili "small fish" inatamkwa kama kitu kimoja na "trader" inafuata, katika ya kwanza "small" inajitenga kidogo na "fish trader" ndiyo inayoshikana. Mwalimu aliwapa wanafunzi dakika chache kulijaribu hilo wawili wawili na nilitamani angewapa kipindi kizima, kwa sababu hapo ndipo muundo, kistari na matamshi vinapokutana katika sentensi moja.

Alichokiacha ni kueleza kwa nini "short-sighted" au "kind-hearted" zina "-ed" ilhali hakuna kitenzi kilichotangulia. Kiambishi hicho hakikubandikwa kwenye "heart" kisha "kind" ikaongezwa mbele. Kimebandikwa kwenye kifungu kizima, "kind heart", na kukifanya kuwa sifa ya mtu mwenye moyo huo. "Self-contained" haiko hivyo, kwa kuwa "contained" inatokana na kitenzi. Mwanafunzi mmoja aliuliza jambo hili waziwazi na akajibiwa kwamba ni la kukariri. Halihitaji kukaririwa, lina maelezo ya dakika mbili, na watu wazima wanaofanya kazi mchana na kuja darasani jioni wanastahili kuyapata.

Kuhusu mazingira sina mengi. Ukumbi una feni moja, madawati ni imara, na ubao unaonekana vizuri hata kutoka nyuma. Darasa huanza saa 11 jioni na kumalizika saa 1 usiku, muda unaowafaa wenye zamu ya asubuhi na kuwatesa wenye zamu ya mchana, na wanaorudi Igoma au Buhongwa hulazimika kugombea daladala wakati watu ni wengi. Umeme ukikatika, jenereta la jirani hunguruma kiasi kwamba zoezi la mwalimu kumpa mwanafunzi mgongo haliwezekani. Idadi ya wanafunzi ilikuwa ndogo kipindi chetu, hivyo kila mmoja alisikilizwa. Sina uhakika kama zoezi lile lingefanya kazi darasa likijaa.

Ada ya sehemu hii ni shilingi 45,000 kwa mtu, kijitabu kikiwemo, na kwa matamshi peke yake naiona ni halali. Wahudumu wa mapokezi na wa simu nitaendelea kuwapeleka. Anayeandika menyu, matangazo na vibao sitampeleka mpaka kijitabu kibadilishwe, au nitampeleka bila kijitabu. Wanaotaka kulipia watumishi kwa pamoja wapange kulipa mwanzoni mwa mwezi, wadai risiti ya mashine siku hiyohiyo, na wajue kwamba cheti kinachotolewa mwishoni ni cha kuhudhuria tu, kimepigwa mhuri wa kituo chenyewe.